Idadi Haichagui: Kufuta Mistari kwa Kipimo Katika Kanzidata

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wa kanzidata, waandishi wa programu, na ninyi mlioanza SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, juzijuzi, nawasalimu nyote.

Mada yetu inaonekana ndogo: una jedwali, unataka kufuta mistari elfu moja, mingine ibaki. Anayeuliza jambo hili huwa katika hali moja kati ya mbili. Wa kwanza ana mistari miwili inayofanana kila kitu na anataka kuondoa mmoja. Wa pili ana mamilioni ya mistari ya zamani, amejaribu kuifuta kwa amri moja, seva imeganda, wateja wanapiga simu, na sasa ameambiwa afute kidogo kidogo. Wote wawili huishia kutafuta neno lilelile, LIMIT, yaani kikomo cha idadi ya mistari, ilhali shida zao haziko karibu hata kidogo.

Hoja yangu ni hii: idadi haichagui mistari. Kinachochagua ni sharti la WHERE pamoja na mpangilio wa ORDER BY. Idadi huiambia seva tu ibebe kiasi gani kwa mara moja. Anayetumia idadi kuchagua hufuta asichokusudia, na siku hiyo hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaomshtua.

Edgar F. Codd wa IBM alipochapisha wazo la kanzidata za uhusiano mwaka 1970, jedwali kwake lilikuwa seti, na seti haina kichwa wala mkia. Ukisema "futa elfu moja ya kwanza" bila kutaja ya kwanza kwa kigezo gani, seva itafuta elfu moja yoyote iliyo rahisi kuifikia. Pengine itafuata ufunguo msingi (safu wima inayotambulisha kila mstari), pengine faharasa nyingine (orodha ya kutafutia haraka) iliyoiona nafuu leo, pengine mpangilio wa kurasa kwenye diski. Takwimu za jedwali zikibadilika kesho, njia nayo hubadilika. MySQL inalijua hili vizuri: ukituma DELETE, amri ya kufuta, yenye LIMIT huku logi (daftari la mabadiliko) ya kulishia replika, yaani seva nakala, ikiwa katika mtindo wa STATEMENT, inakuonya kwamba amri hiyo si salama, maana replika hupokea maneno ya amri na kuyatekeleza yenyewe, na yaweza kufuta mistari mingine kabisa. Tangu toleo 5.7.7 mtindo wa kuanzia ni ROW, ambao hupeleka mistari yenyewe iliyofutwa. Seva za zamani zilizopandishwa toleo bila kuguswa faili la mipangilio bado zinaweza kuwa zimebaki na mtindo wa kale, kwa hiyo angalieni thamani ya binlog_format kabla ya kufanya lolote.

Nianze na yule mwenye mistari pacha, kwa sababu habari yake ni fupi.

Katika MySQL na MariaDB, mistari miwili ikiwa sawa kila safu wima, LIMIT ni jibu halali:

DELETE FROM usajili WHERE namba = 4471 LIMIT 1;

Hapa hakuna haja ya mpangilio, kwa kuwa yoyote atakayeondoka hana tofauti na atakayebaki. Lakini pacha hao wakitofautiana hata kwa tarehe peke yake, tayari kuna wa kubaki na wa kuondoka, na ni lazima useme ORDER BY tarehe. Niseme pembeni kidogo: programu ya mysql ina swichi ya --safe-updates, yenye jina la utani la kujidharau, --i-am-a-dummy, inayokataa DELETE isiyotumia ufunguo katika WHERE. Watu huitegemea kama mlinzi. Mjue kwamba ukiweka LIMIT mlinzi huyo anakupisha, hata kama sharti lako ni bovu.

PostgreSQL haina LIMIT kwenye DELETE. Ina safu wima ya siri katika kila jedwali, ctid, inayoeleza mstari uko kwenye ukurasa wa ngapi na nafasi ya ngapi ndani ya ukurasa huo. Pacha wasiotofautika kwa data hutofautika kwa ctid:

DELETE FROM usajili a USING usajili b
WHERE a.namba = b.namba AND a.ctid > b.ctid;

Amri hii huacha mmoja kwa kila namba. Mitego yake ni mitatu. Namba ikiwa NULL, yaani haina thamani, alama ya sawasawa haitawaona pacha hao. Tumia IS NOT DISTINCT FROM. Pili, ctid hubadilika kila mstari unapofanyiwa UPDATE, kwa hiyo usiisome leo ukaiandika kwenye daftari ili uitumie kesho. Tatu, jedwali likiwa limegawanywa kwa patisheni, yaani vipande, ctid moja inaweza kuonekana kwenye patisheni mbili tofauti. Hapo lazima uilinganishe pamoja na tableoid.

Kwenye SQL Server njia safi zaidi ni kuipa kila pacha namba ya foleni, kisha kufuta wote waliopita namba moja:

WITH foleni AS (
  SELECT ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY namba ORDER BY tarehe DESC) AS nafasi
  FROM usajili)
DELETE FROM foleni WHERE nafasi > 1;

Angalieni kwamba hapa hakuna idadi yoyote, na mpangilio umefanya kazi yote ya kuchagua. Ukimaliza, weka kizuizi cha UNIQUE, kinachokataa thamani kujirudia, kwenye namba siku hiyohiyo. Bila hicho, programu iliyozalisha pacha wa kwanza itazalisha wengine kabla hujafunga kompyuta.

Sasa tuje kwa mwenye mamilioni, ndiko kwenye kazi.

Tuseme tuna jedwali liitwalo arafa, linalohifadhi ujumbe mfupi uliotumwa kwa wateja. Lina id, simu, hali na muda. Lina mistari milioni 40, na milioni 10 kati yake ni ya kabla ya 2023. Sababu ya kuiondoa inaweza kuwa diski, na siku hizi inaweza kuwa sheria: sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinadai taarifa za mtu zisikae kupita muda unaohitajika kwa lengo lake. Vyovyote iwavyo, milioni 10 lazima iondoke huku jedwali likiendelea kuandikwa.

Kwa nini isiwe amri moja? Kwa sababu kufuta ni kuandika. Kila mstari unaofutwa hugusa jedwali na, papo hapo au wakati wa kusafisha, kila faharasa ya jedwali hilo. Ukiwa na faharasa sita, mistari elfu moja ni sehemu elfu saba za kuguswa. Injini inalazimika kuhifadhi hali ya zamani ili iweze kutengua muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kutenguliwa pamoja), na kuweka kufuli kwenye kila mstari hadi COMMIT, amri ya kuuthibitisha muamala. Katika InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, aliyezuiwa na kufuli husubiri sekunde 50 kwa mpangilio wa kuanzia, kisha hupata kosa. Replika ya MySQL nayo haianzi kazi hiyo mpaka muamala umekamilika kwenye seva kuu, kisha hupokea mzigo wote kwa pamoja na kubaki nyuma. Halafu kuna lile linalowauma wengi: baada ya dakika 40 mtu anaogopa, anaikata amri. Hapo ndipo utenguaji unapoanza, na unaweza kuchukua muda uleule au zaidi. Kuiua seva ya MySQL hakusaidii, kwa sababu ikiwaka tena itaendelea kutengua ilipoishia.

Ndiyo sababu tunafuta kwa mafungu, na kila fungu ni muamala wake. Ukikatiza, unapoteza fungu moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa hukimaliza.

Katika MySQL fungu moja ni hili:

DELETE FROM arafa
WHERE muda < '2023-01-01'
ORDER BY muda
LIMIT 1000;

Unalirudia mpaka idadi ya iliyofutwa iwe sifuri. LIMIT hapa hupokea idadi peke yake, haipokei nafasi ya kuanzia kama kwenye SELECT. Na ukitaka kufuta kwa kuunganisha majedwali mawili, MySQL haikubali ORDER BY wala LIMIT kwenye umbo hilo. Wengi hukimbilia kuandika WHERE id IN pamoja na ulizo la ndani (SELECT iliyo ndani ya amri) lenye LIMIT, wakapokea kosa 1235 kwamba toleo hilo halikubali. Suluhisho ni kulifunga ulizo la ndani ndani ya ulizo jingine lenye jina, ili lihesabiwe kama jedwali la muda.

Sharti la kwanza la amri hiyo ni faharasa kwenye muda. Bila faharasa, kila fungu linapitia jedwali kutafuta, na InnoDB katika kiwango chake cha kuanzia cha utengano, REPEATABLE READ, hufunga hata mistari iliyoipita bila kuifuta, pamoja na mianya iliyo kati yake. Mtu anayejaribu kuingiza ujumbe mpya anasubiri, ingawa unafuta ujumbe wa miaka ya nyuma.

Kuna mtego mwingine hapo ambao hauonekani kwenye majaribio. Mtu huona kwamba id hupanda pamoja na muda, akaandika ORDER BY id badala ya ORDER BY muda. Mafungu ya mwanzo yanakimbia vizuri, kwa sababu mistari ya zamani iko mwanzoni mwa ufunguo msingi. Fungu la mwisho linakuta imebaki 400 tu. Linaifuta, kisha linaendelea kutafuta 600 nyingine ili litimize elfu, na hazipo, hivyo linapitia mistari yote milioni 30 iliyobaki hadi mwisho wa jedwali. Kazi iliyokwenda kimya saa nzima inaangusha huduma katika dakika yake ya mwisho.

Kwenye PostgreSQL fungu huandikwa kwa ulizo la ndani, na tangu toleo la 11 kitanzi chenyewe kinaweza kufanya COMMIT:

DO $$
DECLARE n bigint;
BEGIN
  LOOP
    DELETE FROM arafa WHERE id = ANY (ARRAY(
      SELECT id FROM arafa
      WHERE muda < '2023-01-01'
      ORDER BY muda LIMIT 5000
      FOR UPDATE SKIP LOCKED));
    GET DIAGNOSTICS n = ROW_COUNT;
    EXIT WHEN n = 0;
    COMMIT;
    PERFORM pg_sleep(0.5);
  END LOOP;
END $$;

Nimeweka ARRAY kwa makusudi. Ukiandika id IN pamoja na ulizo lenye LIMIT na SKIP LOCKED, mpangaji, sehemu ya seva inayochagua njia ya kutekeleza amri, anaweza kuamua kulirudia ulizo la ndani kwa kila mstari wa nje, na kila linaporudiwa linaruka iliyofungwa na kuchukua mingine. Matokeo yake ni kufuta zaidi ya ulichoomba. ARRAY hulazimisha lihesabiwe mara moja mwanzoni. SKIP LOCKED, iliyokuja katika toleo la 9.5, huruka mistari ambayo mwingine ameishika, kwa hiyo wafutaji wawili hawasubiriani. Ila kumbuka sifuri ya mwisho inaweza kumaanisha kwamba yote imekwisha, au kwamba iliyobaki imeshikwa. Hesabu tena baadaye. Na ukiiendesha DO hii ndani ya BEGIN uliyoifungua mwenyewe, COMMIT ya ndani itakataliwa.

SQL Server hutumia TOP, na mabano ni ya lazima:

WHILE 1 = 1
BEGIN
  DELETE TOP (4000) FROM arafa WHERE muda < '2023-01-01';
  IF @@ROWCOUNT = 0 BREAK;
  WAITFOR DELAY '00:00:00.500';
END

Elfu nne haikutoka hewani. Amri moja ikishika kufuli zipatazo 5000 kwenye jedwali au faharasa moja, SQL Server hujaribu kuzibadilisha ziwe kufuli moja ya jedwali zima, na kuanzia hapo kila mwandikaji anasimama. Kaa chini ya namba hiyo. TOP kwenye DELETE haipokei ORDER BY. Ukihitaji mpangilio, weka SELECT TOP yenye ORDER BY ndani ya WITH, kisha ufute kutoka humo. Kitanzi hiki hakipunguzi logi ya miamala kama kanzidata iko katika hali ya FULL na hakuna anayechukua nakala rudufu ya logi. Logi itajaa kwa mafungu madogo kama ambavyo ingejaa kwa amri kubwa.

Oracle nitaipitia haraka. WHERE ROWNUM <= 1000 inatosha kama mpangilio hauna maana kwako. Ukitaka mpangilio, ROWNUM hutolewa kabla ya kupanga, kwa hiyo panga kwanza kwenye ulizo la ndani, kata nje yake, kisha futa kwa ROWID. Db2 inakubali DELETE juu ya ulizo lenye FETCH FIRST 1000 ROWS ONLY. SQLite ina LIMIT kwenye DELETE pale tu ilipojengwa na chaguo la SQLITE_ENABLE_UPDATE_DELETE_LIMIT, na si zote zilizomo kwenye simu na lugha za programu zilizojengwa hivyo. Kwa hiyo msanidi anaandika rowid IN pamoja na ulizo lenye LIMIT, na inafanya kazi kila mahali, isipokuwa kwenye jedwali la WITHOUT ROWID.

Swali linalorudi kila mara ni ukubwa wa fungu. Anza na 1000, pima muda wa fungu moja, na ulenge lisizidi sekunde moja. Mistari ikiwa myembamba na faharasa chache, panda hadi 5000. Replika ikianza kubaki nyuma, shuka au ongeza pumziko. Fanyeni hesabu kabla ya kumwahidi bosi chochote: milioni 10 kwa mafungu ya 5000 ni mafungu 2000, na pumziko la nusu sekunde kila moja ni sekunde 1000, karibu dakika 17 za kupumzika tu. Ukichagua fungu la 100 kwa hofu, ni mafungu laki moja, na mapumziko peke yake yanakaribia saa 14.

Yapo mambo mengine mawili kwenye kitanzi yanayoharibu kazi nzuri. Moja ni kuandika NOW() kwenye sharti, mathalani mistari iliyozidi umri wa siku 90 hadi sasa. Mpaka unasogea kila fungu linapozunguka, kila sekunde kuna mistari mipya inayostahili kufutwa, na kitanzi kinaweza kisifike mwisho. Hesabu tarehe mara moja, iandike kama thamani. Jingine ni fremu ya programu (framework). Nyingi hufungua muamala kuzunguka kazi nzima bila wewe kuuona, na mafungu yako 2000 yanakuwa muamala mmoja mkubwa wenye kelele zaidi. Hakikisha kila fungu linathibitishwa kivyake, kwa kuangalia kwenye seva, kwa sababu msimbo unaweza kukudanganya.

Mafungu yakiendelea, utaona jambo la ajabu: la kwanza lilichukua sekunde 0.2, la elfu moja linachukua sekunde 3, ingawa jedwali linapungua. Mistari iliyofutwa haiondoki mara moja. InnoDB huiweka alama kisha huisafisha baadaye, na PostgreSQL huiacha mpaka VACUUM, msafishaji wake, ipite. Kila fungu jipya linaanza mwanzo wa faharasa na kuivuka mizoga ya mafungu yote yaliyotangulia. Kukiwa na muamala mrefu uliosahaulika wazi mahali fulani, ripoti ya tangu asubuhi kwa mfano, usafishaji unasimama kabisa. Mtafute huyo kwanza, ndipo uendelee.

Dawa ya kweli ya hili ndiyo ninayoipendelea, na haina LIMIT ndani yake. Tafuta mpaka mara moja:

SELECT MIN(id), MAX(id) FROM arafa WHERE muda < '2023-01-01';

Kisha tembea juu ya ufunguo msingi kwa hatua:

DELETE FROM arafa
WHERE id > 120000 AND id <= 125000
  AND muda < '2023-01-01';

Fungu linalofuata linaanza 125000, na halirudi nyuma. Halivuki mizoga, halina fungu la mwisho linalozurura, huandikwa karibu vilevile katika kila kanzidata niliyoitaja, na likikatika unajua pa kuendelea kwa kusoma namba moja. Sharti la muda libaki ndani kama kinga, maana id kupanda pamoja na muda ni mazoea tu, hakuna kinacholazimisha. Udhaifu wake ni mianya: hatua ya id 5000 inaweza kukuta mistari 12 au isikute hata mmoja, kwa hiyo hapa sifuri si ishara ya kuacha, unaacha ukifika mpaka. Na kama ufunguo wako ni UUID (kitambulisho kirefu) ya kubahatisha, njia hii haikufai, rudi kwenye faharasa ya muda. Kwa MySQL kuna pt-archiver ya Percona inayotembea hivi yenyewe. Ila kwa mpangilio wa kuanzia huchukua mstari mmoja mmoja, hivyo iambieni --limit 1000 pamoja na --commit-each, la sivyo mtazeeka mkiisubiri. Chombo hicho pia hukwepa kuondoa mstari wenye id kubwa kuliko yote, na kina sababu: kabla ya MySQL 8.0, InnoDB ilikuwa ikiwaka upya inahesabu id inayofuata kutoka kwenye iliyo kubwa zaidi jedwalini. Ukifuta za mwisho na seva ikawashwa upya, id za zamani hugawiwa wapya.

Funguo za kigeni, yaani safu wima zinazoelekeza mstari wa jedwali jingine, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Kama jedwali la majibu linaitegemea arafa kwa ON DELETE CASCADE, ambapo mzazi akifutwa watoto wake hufutwa naye, elfu moja uliyoiandika ni ya wazazi. Kila mzazi akiwa na watoto 200, umefuta mistari 200,000 na ushei, na idadi unayorudishiwa haitawataja watoto. Katika MySQL watoto wanaoondoka kwa njia hiyo hawaamshi triga (amri zinazojiendesha mstari unapoguswa), kwa hiyo ukaguzi uliojengwa kwa triga hautaandika kitu. Futeni watoto kwanza, kwa mafungu yao, kisha wazazi. PostgreSQL ina adha nyingine: haitengenezi faharasa kwenye safu wima ya mtoto, tofauti na InnoDB inayoitengeneza yenyewe. Bila faharasa hiyo, kila mzazi anayefutwa husababisha jedwali la watoto lisomwe lote, na fungu la mistari 1000 linakuwa usomaji wa jedwali zima mara elfu. Ukiona DELETE ndogo kwenye PostgreSQL inachukua dakika, angalia hapo kabla ya kulaumu diski.

Kabla ya fungu la kwanza, endesha SELECT COUNT kwa sharti lilelile, soma EXPLAIN, inayoonyesha njia ambayo seva itafuata, na uwe na nakala rudufu ambayo imewahi kurejeshwa. Kama sheria au wakaguzi wanaweza kuidai data hiyo, ihamishe ukiifuta: PostgreSQL ina RETURNING, SQL Server ina OUTPUT DELETED, MariaDB ina RETURNING pia tangu 10.0.5. MySQL haina, kwa hiyo unanakili kwanza kwa mpaka uleule wa id ndani ya muamala uleule, kisha unafuta.

Ukimaliza, usitarajie diski ipungue. Nafasi imebaki ndani ya faili kwa ajili ya mistari ijayo. OPTIMIZE TABLE kwenye MySQL hujenga jedwali upya, na VACUUM FULL kwenye PostgreSQL hufunga kila mtu, wasomaji wakiwemo, hadi imalize. Mara nyingi haifai kuzigusa kama jedwali litajaa tena ndani ya miezi michache. La muhimu kwenye PostgreSQL ni autovacuum ya kawaida, yaani VACUUM inayojiendesha: huanza mistari iliyokufa ikivuka 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la milioni 40 ni zaidi ya milioni 8 ya mizoga kabla hajaamka mtu. Shusha autovacuum_vacuum_scale_factor ya jedwali hilo hadi 0.01, iamke kwenye laki nne.

Na ikiwa unachotaka kufuta ni kingi kuliko kinachobaki, acha mafungu. Tengeneza jedwali jipya, nakili kinachobaki, weka faharasa, kisha badilisha majina. RENAME TABLE ya MySQL hubadilisha yote mawili kwa pigo moja. Kazi kubwa hapo ni maandishi yanayoingia wakati wa kunakili, kwa hiyo nakili yaliyotangulia kwanza, zuia uandishi kwa sekunde chache, malizia mkia, ndipo ubadilishe. Jedwali ambalo litasafishwa kila mwezi lilitakiwa kugawanywa kwa patisheni za mwezi tangu siku lilipobuniwa. Kuondoa Januari 2023 kunakuwa DROP PARTITION au DETACH, kazi ya muda mfupi isiyoacha mzoga hata mmoja. Katika MySQL hilo lina gharama mbili mnazopaswa kuzipima mapema: safu wima ya kugawia lazima iwe sehemu ya kila ufunguo wa kipekee, na jedwali lililogawanywa haliruhusiwi kuwa na funguo za kigeni.

Nimemaliza yangu, mwenye swali aanze, na akija na amri yake atueleze pia ni kanzidata gani na toleo la ngapi.